Tumbo linajaa kila nikila, wiki 3 baada ya upasuaji

Pole sana, dada. Umekatwa kipande cha utumbo mpana, na sasa ukila maharage tumbo linajaa gesi, unakimbilia chooni, hadi unaogopa sahani. Nami nilipitia hayo.

Maharage yaache kwanza, pamoja na kabichi, mahindi ya kuchoma, karanga na pilipili. Utumbo bado umevimba kwa ndani, na vyakula vya nyuzinyuzi nyingi unavihimili kwa shida. Mimi niliponea mtori: ndizi zimechemka hadi zinavurugika, nyama imesagwa, mafuta kidogo tu. Wali mweupe laini, samaki wa kuchemsha na viazi vilivyomenywa pia vilinikalia vizuri. Kula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, na utafune hadi chakula kiwe kama uji. Hilo la kutafuna nililidharau, likanitesa.

Ukianza kurudisha vyakula, ongeza kimoja tu, ukae siku 2 au 3 uone, na uandike kwenye daftari. Maziwa yalinikorofisha, wewe huenda yasikusumbue. Ukiharisha, kunywa maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi.

Muulize daktari aliyekupasua kama kuna mtaalamu wa lishe, hasa ukiendelea kupungua uzito. Ila ukitapika mfululizo, tumbo likawa gumu bila kupitisha hata hewa, ukapata homa, ukaona damu chooni au kidonda kikatoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.