Anti, Guangzhou pakoje?

Toleo lililopita nilichomekea tu kwamba nilishawahi kufata mzigo Guangzhou, basi meseji zikamiminika, mwezi huu zimezidi hata zile za mawifi. Kwa hiyo wa mawifi mnisamehe, zamu yenu itafika, leo tunaenda China.

*Anti, habari za kazi. Mi nauza nguo za kina mama na watoto hapa Chikongola, mzigo nachukuaga Kariakoo. Msimu huu wa korosho nimepata vizuri kidogo na shoga yangu ananiambia twende wenyewe Guangzhou, eti nguo huko ni bei ya bure. Sijawahi kupanda hata ndege, Kichina sijui, Kingereza changu ni cha kuombea maji. Hilo jiji likoje hasa, mtu kama mimi atalimudu? Na nitakula nini? – Muuza nguo, Mtwara*

Dada yangu, hongera kwa msimu. Utalimudu, mi mwenyewe nilienda na Kingereza hicho hicho cha kuombea maji na maji nilipewa, tena ya moto, maana kule ukikaribishwa maji ni ya moto hata kama nje jua linawaka.

Niliingia mwezi wa tatu nimebeba koti kubwa la kuazima, watu waliniambia China baridi. Uwii! Hiyo ni China ya kaskazini. Guangzhou iko kusini, karibu na bahari, na mwezi ule hewa ina unyevu mpaka kuta za chumba zinatoka jasho, yani unapitisha kidole ukutani kinarudi kimelowa, khanga nimeifua Jumatatu Jumatano bado mbichi. Barabarani kuna miti ya jamii ya msufi imechanua maua mekundu makubwa kama ngumi, ndo ua la mji wao, likidondoka utaona bibi kizee anainama kuokota anatia kwenye mfuko, anaenda kulikausha alipikie supu. Nilisimama namtazama yule bibi mpaka akanionea haya. Kwetu msufi tunautafutia pamba ya mito tu.

Ukubwa wake nisikutishe ila nikuambie. Sensa yao ya 2020 walikuwa zaidi ya milioni 18, na sisi mkoa mzima wa Mtwara sensa ya 2022 tulikuwa milioni 1.6, we piga hesabu ni Mtwara ngapi hapo. Lakini kutembea ni rahisi kuliko Dar, treni ya chini ya ardhi inafika karibu kila soko, mara ya kwanza nilipewa kitufe cha plastiki cha kijani kama kifungo cha koti ndo tiketi yenyewe, siku hizi wengi wanagusisha simu tu. Ule mnara wao wa mita 600 niliutazama usiku mmoja toka ng'ambo ya mto unabadili rangi, nikapiga picha zangu nne nikatuma nyumbani, basi. Mnara haunisaidii kuuza magauni.

Sasa masoko. Waafrika wengi wanafikia Xiaobei, na hapo utasikia Kiswahili, utakula wali nyama, utapata wa kukuelekeza. Fikia hapo sawa, ila usishinde hapo, ukishinda Xiaobei utanunua vitu vile vile wanavyonunua wote na utavikuta Kariakoo vimekutangulia. Nguo nenda Baima karibu na stesheni ya treni, au Shisanhang, hili wanaanza alfajiri na mchana wanafunga, kwa hiyo ukilala umepoteza siku. Sauti ya mahali pale ni selotepu, kraaa kraaa kila kona, watu wanafunga marobota na vijana wanapita na vitoroli mbio hawasemi hodi, miguu yako ni jukumu lako.

Kupatana ni kwa kalkuleta. Muuzaji anaandika 45, hiyo ni yuan, hela yao, anakugeuzia, unafuta unaandika 20, anacheka kama umemsimulia kichekesho, anaandika 42. Unaliweka gauni chini unaanza kuondoka, hapo ndo anakufata mpaka kwenye lifti na 30 yake. Muulize mapema ile bei ni kuanzia vipande vingapi, kwa sababu wengi hawauzi kimoja kimoja hata uwalilie. Na saizi, jamani saizi! XL yao huku anavaa binti wa form two. Beba futi ya fundi cherehani, pima kiuno na kifua pale pale dukani, usiamini lebo hata siku moja, wateja wetu unawajua walivyojaaliwa.

Mi safari ya kwanza nililizwa. Sio na Mchina, na mwenzetu aliyejifanya ajenti, simtaji, nilimwachia hela ya sketi 200 baada ya kuona sampo nzuri nikarudi zangu, mzigo umefika Dar nafungua nakuta kitambaa kingine kabisa, kile ukivua gizani kinatoa cheche, na zipu nyingine hazipandi. Nilizimalizia magulioni huko Nanyamba kwa bei ya aibu. Tangu siku hiyo sitoki kwenye ghala mpaka nimefungua mabegi mawili matatu ya katikati, sio ya juu, nimeyafunga tena mbele ya macho yangu na kuweka alama ya rangi ya kucha. Mzigo unapimwa kwa CBM, yani mita za ujazo, mnashea kontena, unakuja kwa meli, hesabu mwezi na zaidi, kwa hiyo nguo za sikukuu usizifate sikukuu ikiwa inabisha hodi.

Shoga yako akikutajia maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, ndo jina la zamani la Guangzhou, hayo yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa nne na mwezi wa kumi, na yanaenda kwa awamu tatu, nguo ziko ya tatu. Ila yale ni ya kuongea na viwanda, oda kubwa, na vipindi hivyo hoteli zinapanda bei. Kwa mtaji wako mi ningeyaruka. Hela usibadilishe na wale wa barabarani, anahesabu mbele yako noti nyekundu kumi safi, anazichukua tena kama anahakiki, akikurudishia zimeshageuka karatasi.

Chakula: kama unakwepa nguruwe, jua kwamba yuko kila mahali, mpaka mboga za majani zinaungwa na mafuta yake. Tafuta vihoteli vya Waislamu wa kule, wana maandishi ya Kiarabu mlangoni, wanauza tambi za supu ya ng'ombe. Kijana anashika donge la unga analivuta mikono miwili, analikunja, analivuta tena, linagawanyika nyuzi nyuzi kama mtu anasuka ukili, dakika haijaisha liko kwenye sufuria. Nilikula hapo siku tisa. Asubuhi wenyeji wanakunywa chai na vitu vidogo vidogo vya kuchemsha kwa mvuke, chai imeisha unaacha mfuniko wa birika umekaa upande, mhudumu anaona mwenyewe anakuja kuongeza maji, na akikumiminia unagonga meza kwa vidole viwili, ndo asante hiyo.

Siku ya mwisho nenda mtaa wa Yide Lu, wanakouza vikavu vya baharini, hata kama huna cha kununua. Nilipokaribia tu pua ikaniambia umefika feri Mtwara, ng'onda mtupu! Magunia kwa magunia, kamba wakavu, chaza wakavu, mapezi ya papa, na majongoo bahari yamepangwa kwenye vioo kama saa za dhahabu. Nikauliza bei kwa kalkuleta nikadhani kaongeza sifuri kwa bahati mbaya, nikamrudishia aandike tena, akaandika ile ile. Kwetu kijana alikuwa anazamia kifua wazi analipwa hela ya vocha. Nilikaa nje kwenye ngazi kidogo, nikanywa maji, ndo nikaendelea.

*Shikamoo anti. Nimepata nafasi ya kusoma Guangzhou, naondoka mwezi wa nane. Kuna kitu gani watu hawaambiwi? – Mwanafunzi, Lindi*

Marahaba mwanangu. WhatsApp, Google na Instagram kule zimezibwa, weka VPN, ile app ya kupita vizuizi vya mtandao, kwenye simu kabla hujatoka Lindi maana ukifika ndo unaitafuta utahangaika, na mama yako mfundishe WeChat, app yao ya meseji na kupigiana, leo, sio uwanja wa ndege. Ukikaa nje ya hoteli au bweni unaandikishwa polisi ndani ya saa 24, usilipuuze hilo. Utajifunza Kichina darasani halafu utaenda sokoni usielewe kitu, kwa sababu wenyeji wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kikantoni, ni lugha nyingine hiyo, usijione mjinga. Wametutangulia saa tano, kwetu saa sita mchana kwao ni saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mama akipiga saa tatu usiku amekuamsha saa nane. Na mwezi wa nane ni msimu wa vimbunga vya huko, wakitangaza kaa ndani we kaa ndani.

*Mwanangu, nimesikia huko kuna msikiti uliojengwa na sahaba wa Mtume. Ni kweli au ni maneno ya wasafiri? – Mzee wa Mikindani*

Shikamoo babu. Msikiti upo, unaitwa Huaisheng, na mnara wake mweupe mviringo hauna madoido, mita 36 hivi, zamani ulikuwa unaongoza na meli. Wenyeji wanasema aliyeujenga ni Saad bin Abi Waqqas, na kaburi wanaloliita lake liko mjini humo humo, nimefika. Ila vitabu vya historia vinasema Saad alifia Uarabuni akazikwa Madina, kwa hiyo mi nachukua kwamba Waislamu walifika pale zamani sana, la sahaba namwachia Mungu. Ijumaa pale kaburini panajaa, Waafrika, Waarabu, Wachina safu moja, na nje kunachomwa mishikaki ya kondoo harufu inakufata mpaka kwenye rakaa ya pili, astaghfirullah.

Kingine babu kitakufurahisha. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa Kisiwani 1331, miaka kama 15 mbele alifika mji wa China aliouita Sin Kalan, ndo huo huo Guangzhou. Alikuta mtaa wa Waislamu wenye msikiti, soko na kadhi wao, na akasifu vyombo vya udongo wa Kichina. Vipande vya vyombo vya Kichina wachimbaji wamevikuta mpaka Kilwa. Yani sisi na wale tunauziana vitu kabla ya Kariakoo kuwa pori.

*Anti, ni kweli wanakula nyoka? – Nauliza tu, Newala*

Supu ya nyoka ilikuwa chakula chao maarufu, hasa kipindi cha baridi, mpaka 2020 serikali yao ilipopiga marufuku kula wanyama pori wa nchi kavu. Mwenyeji wangu mmoja alinisimulia utamu wake huku macho yanalegea, nikawa nishafungua mdomo niseme mnakulaje mdudu yule, halafu nikakumbuka nilipozaliwa mimi na utani wanaotutania watu kuhusu panya. Nikaendelea na tambi zangu.