Re: Mbio za ngamia Falme za Kiarabu: nani anampanda ngamia?

Mkuu, umeuliza ngamia wanakimbiaje bila mtu mgongoni, na kama tamasha la Al Dhafra lina kingine cha kutazama.

Watoto walipigwa marufuku kuwapanda, nafasi yao ikachukuliwa na roboti. Usiwaze mtu wa chuma: ni kiboksi cha kilo chache, ndani mna mota (wengi hutumia ya drili ya chaji) inayozungusha kiboko, pamoja na redio ya upepo. Mwenye ngamia anaendesha gari sambamba na uwanja, rimoti mkononi, huku akimpigia ngamia kelele kupitia redio. Ngamia anaijua sauti ya bwana wake, na mara nyingi hiyo humsukuma kuliko kiboko. Kiboksi hufungwa kwenye tandiko nyuma ya nundu. Mikanda ikilegea, kinalalia upande mmoja na ngamia anapoteza mwendo.

Wadogo wa miaka miwili hukimbia kilomita 4, wakubwa 8. Wahi alfajiri, jua likipanda utamu umekwisha.

Al Dhafra yenyewe, kule Madinat Zayed, Abu Dhabi, sifa yake hasa ni mashindano ya urembo wa ngamia. Asayel, wa rangi ya mchanga, hushindanishwa mbali na majahim weusi. Waamuzi hutazama kichwa, midomo, urefu wa shingo, nundu na manyoya. Sindano za kujaza midomo zikigundulika, ngamia anatolewa. Usikose shindano la kukamua maziwa.