Kwa nini 911 haikufutwa

Umeuliza kama ni kweli kwamba kampuni ya magari ya Porsche ilikaribia kuacha kutengeneza gari lake la 911. Ni kweli kabisa. Gari hilo lilioneshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901, likabadilishwa jina baada ya Peugeot kudai haki ya namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati. Injini yake ya silinda 6 zilizolala, iliyopozwa kwa hewa, ilikaa nyuma kabisa, na uzito huo ulifanya mkia uteleze kwa urahisi endapo dereva angeachia mafuta ghafla akiwa kwenye kona. Ndiyo maana kuanzia matoleo ya 1969 magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma kwa milimita 57.

Hata hivyo, mkuu wa kampuni Ernst Fuhrmann aliweka matumaini yake kwenye 928, yenye injini ya V8 mbele, iliyotoka mwaka 1977. Mrithi wake, Peter Schutz, alisimulia kwamba mwaka 1981 aliona chati ya mipango ya uzalishaji ofisini kwa mhandisi Helmuth Bott, ambapo mstari wa 911 ulikomea mwaka huo huo, akachukua kalamu na kuuendeleza hadi ukatoka nje ya karatasi na kuingia ukutani. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi bora kuwahi kufanywa katika kampuni hiyo, kwa sababu 928 ilikoma mwaka 1995, ilhali 911 bado inatengenezwa, ingawa tangu kizazi chake kinachoitwa 996 injini yake hupozwa kwa maji.