Biashara iaminiwe kwa kile kinachoweza kuhakikiwa

Swali la wiki hii limetutaka wasomaji tueleze ni jambo gani biashara inapaswa kulitanguliza mtandaoni ili iaminiwe na wateja ambao hawajawahi kuiona. Majibu yaliyozoeleka huanza na nembo nzuri, picha safi, machapisho ya kila siku na wingi wa wafuasi. Jibu langu ni tofauti: itangulize kuweka wazi mambo ambayo mteja anaweza kuyahakiki mwenyewe kabla ya kulipa, na hasa yale ambayo tapeli angepata hasara akijaribu kuyaiga. Hayo mengine yana nafasi yake, lakini yaje nyuma ya hilo.

Msingi wa jibu hili ni wa zamani kuliko intaneti ya kibiashara. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akaonyesha kwamba pale muuzaji anapoujua ubora wa gari na mnunuzi haujui, mnunuzi hakubali kulipa zaidi ya bei ya gari la wastani; kwa bei hiyo mwenye gari zuri huona anapunjwa, hujiondoa sokoni, na wanaobaki wakawa wengi wao ni wenye magari mabovu. Mwaka 2001 Akerlof alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Joseph Stiglitz na Michael Spence, na kazi ya Spence ndiyo inayotuonyesha mlango wa kutokea: ishara ya ubora huwa na maana pale tu ambapo ni nafuu kwa mwenye ubora kuitoa na ni ghali kwa asiye nao. Mtandaoni, ambako mnunuzi haishiki bidhaa, hamwoni muuzaji usoni na mara nyingi hulipa kwanza ndipo apokee, kipimo hicho kinafaa kutumika kwa kila kinachowekwa kwenye tovuti.

Tuanze na alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana kando ya anwani ya tovuti. Watu wengi walifundishwa kwamba ikiwapo, tovuti ni salama. Kwa kweli alama hiyo ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamefichwa ili mtu wa kati asiyasome. Haikusema lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Tangu huduma ya Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti vya usalama bila malipo mwaka 2015, mtu yeyote, mwema au mlaghai, anaweza kuwa na cheti chake kwa dakika chache. Kivinjari cha Chrome kilianza mwaka 2018 kuonya kwamba tovuti isiyo na cheti si salama, kisha mwaka 2023 kikaibadilisha alama ya kufuli kwa alama nyingine, kwa sababu ilikuwa ikieleweka vibaya. Biashara isiyo na cheti inajiharibia jina, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kuwa nacho si sifa ya kujivunia, na tovuti zinazokitangaza kwa maandishi makubwa kana kwamba ni ushahidi wa uadilifu zinampotosha mteja.

Mwonekano wa tovuti unahitaji kuzungumziwa kwa haki zaidi. Utafiti ulioongozwa na B. J. Fogg wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2002, ulioshirikisha watu zaidi ya 2,600, ulionyesha kwamba karibu nusu ya maelezo waliyotoa kuhusu kuiamini au kutoiamini tovuti yaligusia jinsi ilivyopangwa na kupambwa. Tovuti iliyochakaa, yenye maandishi yaliyojaa makosa na viungo vilivyokufa, humfukuza mteja kabla hajasoma chochote. Lakini leo violezo vya kupendeza vinapatikana bure au kwa bei ndogo sana, kwa hiyo uzuri umebaki kuwa sharti la kusikilizwa tu. Anayetumia bajeti yake yote kwenye mapambo anabaki bila kitu cha kumwonyesha mteja anayeuliza swali la pili.

Swali hilo la pili, kwa kawaida, ni hili: waliotangulia walitendewaje? Hapa ndipo ningependa wenye biashara watumie muda wao mwingi. Soko la eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, lilianza mapema sana kuwaruhusu wanunuzi na wauzaji kupeana alama baada ya kila mauzo, na wageni wasiofahamiana wakaweza kufanya biashara kwa sababu mwenendo wa kila mmoja ulikuwa wazi kwa anayefuata. Miaka mingi baadaye, Michael Luca, alipokuwa Harvard, alichunguza migahawa ya mji wa Seattle akagundua kwamba kuongezeka kwa nyota moja kwenye Yelp, tovuti ambako wateja huzipa biashara nyota na maoni, kuliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea; ile ya kampuni zenye matawi mengi na jina linalojulikana haikuathiriwa. Maana yake ni kubwa kwa wadogo: asiye na jina ndiye anayefaidika zaidi na ushuhuda wa wateja wake, na ndiye anayeumia zaidi akiuchezea.

Wako wanaouchezea kwa kununua sifa, na wako wanaouchezea kwa kufuta lawama. Njia zote mbili ni mbaya kimaadili, na hata kibiashara hazina tija. Watafiti wa Kituo cha Spiegel katika Chuo Kikuu cha Northwestern walionyesha kwamba uwezekano wa mtu kununua hufikia kilele wastani wa nyota unapokuwa kati ya 4.0 na 4.7, kisha hushuka unapokaribia 5.0, kwa kuwa ukamilifu usio na doa huzua shaka. Sheria nazo zimeanza kuuma. Nchini Marekani kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku maoni ya kubuni, maoni mazuri ya kununuliwa, vitisho vya kumnyamazisha mteja aliyelalamika, na hata ununuzi wa wafuasi bandia kwa nia ya kujionyesha mkubwa. Njia iliyo halali ni rahisi ingawa inahitaji uvumilivu: mwombe maoni kila aliyenunua, si wale tu unaojua wamefurahi, na usimwahidi zawadi ili akusifu.

Maoni ya lawama yakija, yajibiwe hadharani, na jibu liwe na mambo ya kushikika. Mteja akiandika kwamba mzigo ulichelewa na hakuna aliyepokea simu, jibu linalosema tu kwamba "tunajali sana wateja wetu" linamthibitishia kila msomaji kwamba malalamiko hayakusomwa. Jibu lenye uzito linaeleza kilichotokea, linataja mteja amefidiwa vipi na utaratibu gani umebadilishwa. Lisimtake afute alichoandika, wala lisianike namba yake ya simu, anwani yake au alichonunua ili kumkosoa. Nimeona biashara zikishinda hoja kwa njia hiyo na kumtisha kila mteja mwingine aliyekuwa akisoma. Anayesoma mabishano hayo anataka kujua yeye mwenyewe atatendewaje mambo yakienda kombo, na hakuna tangazo linaloweza kumjibu vizuri kuliko hapo.

Ishara nyingine ambayo mlaghai haimudu ni sera ya kurudisha bidhaa. Akerlof mwenyewe aliitaja dhamana kuwa miongoni mwa njia za kukabiliana na tatizo aliloligundua, na sababu ni rahisi kuiona: anayeuza kibovu akiahidi kurejesha fedha kwa muda mrefu, ama atafilisika, ama ataivunja ahadi na kuumbuliwa mbele ya watu. Sera hiyo iandikwe kwa lugha nyepesi, ikitaja muda, nani analipa gharama ya usafirishaji na fedha zinarudi baada ya siku ngapi, na iwekwe kwenye ukurasa wenyewe wa bidhaa. Bei nayo ionekane kamili tangu mwanzo. Kumfikisha mteja kwenye ukurasa wa malipo ndipo ada zianze kuongezeka ni kumfundisha atilie shaka kila namba anayoonyeshwa.

Kuhusu mitandao ya kijamii sina mengi, ila kwamba biashara isiishi huko peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na biashara ambazo hazikuwa na mahali pengine zilitoweka mbele ya wateja wao. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019 na kurasa zake zote zikafutwa. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lililosajiliwa kwa jina la biashara yenyewe, na barua pepe inayotumia kikoa hicho, vinampa mteja mahali pa kudumu pa kurejea. Mhusika aombe fundi wake aweke pia kumbukumbu za SPF, DKIM na DMARC, ambazo husaidia kuwazuia wengine kutuma barua pepe kwa jina lake. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinazidai kwa wanaotuma barua nyingi kwa siku.

Inabaki biashara changa, ambayo haina maoni hata moja na haiwezi kungoja miaka. Kwa hiyo nashauri ianze na vile visivyohitaji historia: majina na sura halisi za wanaoiendesha, namba ya usajili inayoweza kutafutwa kwenye daftari la serikali, anwani na simu zinazofanana kila zinapoonekana, picha za bidhaa zenyewe badala ya zile za kuazima, na sera ya marejesho yenye ukarimu kuliko ya washindani. Iwape wateja wa mwanzo nafasi ya kulipa baada ya kupokea, pale biashara inapoumudu mzigo huo, kwa kuwa hapo hatari yote iko upande wa muuzaji. Wateja hao waombwe maoni siku chache baada ya kupokea bidhaa, wakiwa bado wanakumbuka, na maoni yao yachapishwe kama walivyoyaandika.