Kabla Hujahama Dawati la Habari kwenda Kuandika Safu

Nilipoacha kuripoti habari za kila siku gazetini na kujiunga na jarida linalotoka mara moja kwa mwezi ili niandike safu, yaani makala ya maoni ya kila toleo yenye jina la mwandishi, nilidhani nimebadilisha mwajiri tu. Kwenye dawati la habari niliulizwa nani kafanya nini, wapi na lini, mhariri wa jarida aliniuliza, kwa upole lakini bila kuniachia upenyo, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilikuwa nimetumia miaka tisa kuliondoa neno "mimi" katika kila taarifa.

Kwa kukosa sauti yangu, niliazima za wengine. Siku zote nimekuwa msomaji anayeanzia ukurasa wa mwisho wa jarida, ambako mara nyingi ndiko kwenye safu, na bila kujitambua nikajikuta nimebeba mizaha ya waandishi niliowahusudu, mikato ya sentensi zao, na hata hasira zao juu ya mambo ambayo hayajawahi kuniudhi. Safu yangu ya nne ilirudishwa ikiwa na jina la mmoja wao limeandikwa pembeni kwa kalamu, basi. Ilinichoma, hasa kwa sababu mhariri hakukosea.

Sikushauri uache kuwasoma. Chukua safu unayoipenda, kisha kando ya kila aya andika kazi inayofanya: hapa pana tukio, hapa pana ushahidi, hapa mwandishi anakubali hoja ya mpinzani wake. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba maoni yenyewe huchukua nafasi ndogo kuliko nilivyodhani, na kwamba sehemu kubwa ya safu nzuri ni kazi ya uripota, ileile niliyotaka kuiacha mlangoni. Mwandishi wa Marekani Walter Lippmann, aliyekuwa akisimamia ukurasa wa tahariri wa New York World, alihamia New York Herald Tribune baada ya gazeti lake kufungwa mwaka 1931, akaanza safu aliyoiandika kwa jina lake mwenyewe. Tahariri husema kwa niaba ya gazeti. Safu humwacha mwandishi peke yake mbele ya msomaji, na hapo maoni yasiyo na ushahidi huonekana upesi.

Kuhusu mkataba nitasema kwa ufupi: uliza mapema nani atamiliki haki za makala zako, na kama utalipwa mshahara au kwa kila safu. Mimi sikuuliza. Kumbuka pia kwamba kurasa za jarida hukamilishwa wiki kadhaa kabla ya kumfikia msomaji, kwa hiyo suala linalovuma leo linaweza kuwa limepoa.

Siku ya kuandika sasa simsomi mwandishi yeyote wa safu hadi rasimu ikamilike. Safu ya tano niliianza kwa kufungua daftari langu la zamani la namba za simu na kumpigia karani wa mahakama niliyewahi kumhoji. Mhariri alibadilisha koma mbili, akaipeleka mitamboni.