Diski ya nje ya kuhifadhia nakala

Swali: Kompyuta yangu ina diski ya GB 500. Kwa ajili ya nakala za akiba, ninunue diski ya nje ya aina ya SSD au ile ya kawaida inayozunguka?

Jibu: Ikiwa diski itakaa mezani, ya kuzunguka inatosha, kwa kuwa gharama yake kwa kila gigabaiti ni ndogo; SSD, ambayo haina sehemu zinazosogea na hivyo hustahimili zaidi kuanguka, inamfaa anayesafiri nayo. Chagua ya TB 1 (yaani GB 1,000), ili programu ya nakala ipate nafasi ya kutunza pia matoleo ya zamani ya mafaili yako (faida ambayo wengi huisahau hadi wanapofuta kitu). Nakala ikikamilika, chomoa diski, maana programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fedha huifikia pia diski iliyounganishwa.