Re: Kwa nini laini ya umeme wasiinyooshe tu?
Mkuu, umeuliza ramani za mazingira na za mila zina kazi gani kwenye laini ya umeme, si wanyooshe tu. Kunyoosha ni rahisi kwenye karatasi bwana. Unapakia matabaka ya ramani kwenye QGIS au programu nyingine ya ramani za kompyuta, ardhioevu, hifadhi, njia za ndege wanaohama, makaburi, misitu ya matambiko, kila kimoja unakipa uzito afu kompyuta inatafuta njia yenye madhara kidogo. Hapo kwenye uzito ndo ugomvi ulipo, kaburi utalipatia pointi ngapi?

Ila sio lazima uzunguke kila kitu, minara ya msongo mkubwa huachana kama mita 300 hadi 400 hivi, kibonde waya unaruka juu tu. Ndege sasa, wengi hugonga ule waya mwembamba wa juu kabisa wa kukinga radi, wanakwepa zile nene wanaingia huo, ndo maana hutundikwa vialama.

Na mti wa tambiko huwezi kuujua kwa picha ya setilaiti, tembea na wazee ukiwa na GPS, afu hizo pointi usizianike hadharani, wezi wa malikale wapo.